"Nikirusha chombo kikosi kinakufa, nikiongoza kikosi nakufa mimi"

SWALI: Nimecheza gemu za mkakati kwenye kompyuta kwa miaka mingi, na huko sishindwi ovyo. Hivi karibuni nimehamia kwenye uhalisia pepe (VR), yaani kucheza nikiwa nimevaa miwani yenye skrini machoni, katika gemu za vita vya anga za juu ambamo wewe ni rubani wa chombo chako na papo hapo unaamrisha kikosi kizima. Napigwa kila pambano. Nikimkimbiza adui, nikija kutazama ramani nakuta nusu ya meli zangu zimeteketea. Nikitulia kwenye ramani, nadunguliwa kutoka nyuma. Isitoshe, kichwa kinanizunguka hadi wakati mwingine navua miwani vita ikiwa katikati. Tatizo ni vidole vyangu, akili yangu au vifaa? Na je, ninunue usukani wa rubani?

JIBU: Ndugu yangu, vidole vyako havina kosa, na akili iliyokushindia vita kwenye kompyuta bado unayo. Kinachokuangusha ni aina ya amri unazotoa. Kwenye skrini ya kawaida ulizoea kuuona uwanja wote kutoka juu, ukitoa amri ndogo ndogo na kuzirekebisha kila baada ya sekunde mbili tatu. Amri mbovu haikukugharimu sana kwa sababu ulikuwepo kuirekebisha. Ndani ya uhalisia pepe umepewa mwili, na mwili huo uko mahali pamoja tu: kwenye chumba cha rubani, ukitazama upande mmoja. Meli zako zinaweza kukaa dakika nzima bila jicho lako. Kwa hiyo amri unazoziachia lazima ziwe za kuweza kuishi bila wewe. Karibu kila nitakachokueleza kuhusu mbinu kinatoka hapo.

Lakini tuanze na kichwa, maana mtu mwenye kichefuchefu hashiki mbinu yoyote.

Kizunguzungu hiki ni ugomvi kati ya macho na sikio la ndani. Macho yanauambia ubongo kwamba unakwenda kasi na kupinda. Sikio la ndani, ambalo ndilo linalopima mwendo na mizani ya mwili, linasema umekaa kitini na hujasogea hata kidogo. Ubongo unashindwa kuwasuluhisha, nawe unaambulia jasho jembamba na tumbo kuchafuka. Gemu za urubani zina nafuu moja ambayo gemu za kutembea kwa miguu hazina, nayo ni chumba cha rubani chenyewe. Kingo za dirisha, dashibodi na kiti vimetulia kuuzunguka mwili wako hata nyota zikipinduka, na macho yakivishikilia hivyo ugomvi unapungua. Basi unapopinda kwa nguvu, tazama ukingo wa dirisha. Usizikodolee nyota zinazopita. Na kama gemu inakuruhusu kukitazama chombo chako kutoka nje, kwa nyuma, achana na mtazamo huo ukiwa umevaa miwani. Unajinyima kitu pekee kilichotulia.

Kisha kuna idadi ya fremu. Miwani nyingi za sasa huonyesha picha 72, 90 au 120 kwa sekunde. Kwa kiwango cha 90, mashine ina takriban milisekunde 11 tu za kuandaa kila picha, na inaandaa mbili, moja kwa kila jicho. Ikichelewa, ulimwengu unabaki nyuma ya shingo yako: umeshageuka, picha inafuata baadaye. Hapo hata mtu asiyewahi kusumbuliwa na safari ya baharini atachafukwa. Watu wengi hupanga mipangilio yao wakiwa gatini, mahali patulivu pasipo na chombo kingine, wakaridhika. Vita ikianza, meli kumi zinafyatuliana, milipuko kila upande, fremu zinaporomoka, nao hushangaa kwa nini wanaugua katikati ya pambano tu. Umesema na wewe huvua miwani katikati ya vita. Ningeanza kuangalia hapo. Pima mipangilio yako ndani ya pambano zito kuliko yote uliyonayo. Punguza kwanza vivuli, moshi na urembo wa milipuko. Ukali wa picha uuguse mwisho kabisa, kwa sababu unauhitaji kusoma tarakimu za dashibodi na kumtambua adui aliye mbali.

Pima pia umbali kati ya mboni zako, kwa rula mbele ya kioo, kisha uoanishe lenzi nao. Kwa watu wazima wengi huangukia jirani ya milimita 63. Meta Quest 2, kwa mfano, ina nafasi tatu tu, za milimita 58, 63 na 68. Matoleo mengine yana gurudumu la kusogeza lenzi polepole. Lenzi zikikaa vibaya macho hufanya kazi ya ziada muda wote, na uchovu huo watu huusingizia gemu.

Mwili hutoa onyo mapema: miayo bila usingizi, mate kujaa mdomoni, joto la ghafla usoni. Ukiona mojawapo, vua. Wapo wanaoamini kwamba mwili huzoea kwa kulazimishwa, na nawasihi waache. Ukijikaza hadi ukatapika, ubongo unaanza kuihusisha miwani na ugonjwa, na siku inayofuata utajisikia vibaya hata kabla gemu haijafunguka. Vipindi vifupi unavyovimaliza ukiwa mzima ndivyo vinavyokuzoesha.

Sasa ramani. Hapa uhalisia pepe umekupa silaha ambayo skrini haikuwa nayo, na wengi waliotoka kwenye kompyuta hawaitumii. Macho mawili hupima kina vizuri kwa vitu vya karibu. Kitu kikiwa mbali, tofauti kati ya kinachoonwa na jicho la kulia na kinachoonwa na la kushoto inakuwa ndogo mno kukufaa, hivyo chombo kilicho umbali wa kilomita tatu na kilicho umbali wa kilomita nane vinaonekana viko sawa. Kwa vilivyo nje ya dirisha, umbali usome kwenye tarakimu, usikisie kwa macho. Lakini ramani ya vipimo vitatu inayoelea mbele yako iko pale pale macho yanapofanya kazi kwa ustadi wake wote. Ukiitupia jicho mara moja unajua nani yuko juu, nani yuko chini, nani amejitenga na wenzake. Iweke umbali wa mkono. Usiivute hadi puani: lenzi za miwani nyingi zimetengenezwa ili macho yalenge umbali wa mita moja hadi mbili hivi, na kitu kikisogea karibu sana mboni zinalazimika kukutana kwa ndani huku mlengo wa jicho ukibaki kulekule mbali. Dakika chache tu na kichwa kinauma.

Gemu ya Homeworld, iliyotengenezwa na kampuni ya Relic ya Kanada mwaka 1999, ndiyo iliyowafungua macho wachezaji wengi wa mkakati kwamba angani hakuna ardhi. Hata leo mtu aliyekulia kwenye ramani bapa hupanga meli zake zote kwenye usawa mmoja bila kujua. Chunguza mwenyewe pambano lako lijalo. Geuza ramani uitazame kwa ubavu. Ukikuta meli zako zimejipanga mstari mmoja, basi umeacha juu wazi na chini wazi. Na chini ndiko kubaya zaidi, kwa sababu mtu aliyekaa kitini hainami kuchungulia chini ya miguu yake, na hata akiinama, sakafu ya chombo inamziba. Weka mlinzi mmoja chini ya meli mama na umwache hapo vita yote.

Turudi kwenye amri, maana ndiyo roho ya jambo. Kuna amri ya mahali na amri ya nia. "Nenda pale" ni amri ya mahali. Meli ikishafika pale, au adui akishaondoka pale, amri imekufa na meli imebaki inaelea ikisubiri kupigwa. "Mlinde huyu", "fuatana na hawa", "shambulia kinachokaribia meli mama", hizo ni amri za nia: zinaendelea kuwa na maana hali ikibadilika. Kabla ya mapigano ya Trafalgar mwaka 1805, Admirali Nelson wa Uingereza alijua kwamba moshi wa mizinga ungezificha bendera za ishara na asingeweza kuongea na manahodha wake vita ikishapamba moto. Kwa hiyo aliwaeleza mpango siku kadhaa kabla, akawaandikia pia kwamba nahodha asiyeona ishara yoyote hatakosea sana akiiweka meli yake ubavuni mwa meli ya adui. Alikuwa na meli 27 dhidi ya 33 za Ufaransa na Hispania. Yeye mwenyewe alipigwa risasi akafa siku hiyo hiyo, lakini kikosi chake hakikupoteza hata meli moja, na upande wa pili ulipoteza 18. Wewe ukiwa unamkimbiza adui nyuma ya kimondo uko kwenye moshi uleule. Meli zako ziwe zimeshajua la kufanya.

Gemu nyingi za aina hii zinakupa zana za kazi hiyo, ila zimefichwa kwenye menyu ambazo mchezaji mwenye haraka hazifungui. Tafuta amri za kulinda, kufuata na kushika doria. Tafuta pia mpangilio wa tabia: kwenye Homeworld ya mwanzo, kwa mfano, kikosi kiliweza kuwekwa kwenye tabia ya kukwepa, ya kawaida au ya ukali, na tabia hiyo ilibaki nacho popote kiendapo. Meli za kusindikiza zipe tabia ya kutotoka mbali. Meli za kushambulia zipe ukali. Hayo yafanye kabla ya risasi ya kwanza, wakati uwanja bado kimya, kwa sababu dakika hiyo ya ukimya ndiyo ya thamani kuliko zote utakazopata.

Baada ya hapo kuna hesabu moja ambayo natamani kila mchezaji wa mkakati aijue. Mwaka 1916 mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alichapisha hoja kwamba pale ambapo kila mpiganaji anaweza kumfikia mpiganaji yeyote wa upande wa pili kwa silaha, nguvu ya kikosi haiendi na idadi yake bali na idadi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Meli kumi zina nguvu ya 100. Meli tano zina 25 tu, yaani robo, si nusu. Sasa tazama kinachotokea. Una meli kumi, adui ana kumi zinazolingana na zako kwa kila hali. Mkikutana wote kwa wote, mnamalizana. Lakini akizigawa mbili, tano na tano, nawe ukazikuta moja baada ya nyingine: ya kwanza unatoa 25 kwenye 100, unabaki na 75, ambayo ni karibu meli tisa. Ya pili unatoa 25 nyingine, unabaki na 50, ambayo ni meli saba. Amepoteza zote kumi, wewe umepoteza tatu. Ndani ya gemu mambo hayatoki sawasawa hivyo, kwa kuwa kuna ngao, masafa na bahati, lakini mwelekeo ni huo kila mara.

Nikisoma barua yako naona upande ulioko. Unapoondoka na vyombo vyako vya kasi kumkimbiza adui mmoja, huku manowari zako zikibaki nyuma, wewe ndiye uliyegawa kikosi. Mwenzako hahitaji kuwa hodari. Anahitaji tu kukutana na nusu yako kwa wote wake.

Hesabu hiyohiyo inaamua namna ya kulenga. Kwenye gemu nyingi meli iliyobakiwa na uhai kidogo bado inafyatua kwa nguvu ileile kama mpya. Meli zako tano zikipiga maadui watano tofauti na kila mmoja akabaki nusu, mizinga inayokuelekea haijapungua hata mmoja. Zote tano zikimpiga mmoja, mzinga mmoja umenyamaza ndani ya sekunde chache, halafu wa pili. Shabaha moja kwa kikosi chote, mpaka ife, ndipo nyingine. Na usianze na lile dude kubwa la katikati kwa sababu tu linatisha. Anza na wale wanaouma sana na kufa upesi, warusha makombora hasa. Lile kubwa litakuwepo tu.

Basi kazi ya chombo chako mwenyewe ni ipi? Hapa naomba ubadilishe mawazo kabisa. Rubani anayeongoza kikosi hapimwi kwa idadi ya aliowadungua. Wewe ni mkono wa kuziba pengo: kombora linalokwenda kwa meli mama, mshambuliaji aliyepenya ulinzi, adui aliyebakiwa na uhai kidogo anayetaka kukimbilia kwa wenzake. Jiwekee mpaka wa umbali kutoka meli mama, tarakimu utakayoiona kwenye dashibodi, na ukiufikia geuka hata kama adui yuko mbele ya mtutu. Adui anayekimbia ameshatoka vitani kwa hiari yake. Ukimfuata, mmetoka wawili, na kati yenu wewe ndiye unayehitajika zaidi.

Kudunguliwa ukiwa kwenye ramani kuna dawa, nayo ni kuchagua wakati. Usifungue ramani kwa sababu una wasiwasi. Ifungue ukiwa umeshajitengenezea nafasi. Elekeza chombo mbali na msongamano, au jifiche nyuma ya ubavu wa manowari yako mwenyewe, ongeza kasi, hamishia nguvu kwenye ngao ya nyuma kama gemu inaruhusu, ndipo ufungue. Ukiwa hapo jiulize mambo matatu tu: nani wangu anakufa, nani wangu amekaa bure, na adui anaelekea wapi. Toa amri moja au mbili za nia, toka. Kama gemu ina uwezo wa kusimamisha au kupunguza mwendo wa wakati, utumie bila aibu. Umewekwa kwa sababu waliotengeneza wanajua binadamu ana kichwa kimoja.

Tuchukue pambano moja tulione kwa karibu. Una meli mama, manowari mbili na vyombo vidogo sita pamoja na chako. Kabla ya kuanza umezipa manowari amri ya kufuatana na meli mama, moja juu kidogo na nyingine chini kidogo. Vyombo vitatu vinailinda manowari ya chini, viwili vinakufuata wewe. Rada inaonyesha kundi la adui mbele. Hukurupuki. Unaisogelea manowari ya juu na kusubiri waingie kwenye masafa ya mizinga yako mikubwa. Wanaingia, unaonyesha shabaha moja, mrusha makombora aliye kushoto, wote wanampiga. Hapo unasikia mngurumo kutoka chini nyuma yako, kwani sauti ya uhalisia pepe ina upande, na masikio yatakuambia kabla ya macho. Kundi la pili limekuja chini. Zamani ungeacha kila kitu ukawakimbilia. Sasa kuna watatu na manowari moja tayari huko, na amri waliyonayo inatosha kwa sekunde ishirini za mwanzo. Unammaliza mrusha makombora, unageuza chombo kuelekea nyuma ya manowari, unafungua ramani, unaona watatu wako wamebaki wawili, unaiamuru manowari ya juu ishuke kusaidia, unafunga ramani, unashuka nayo ukiwa na wawili wako. Kundi la chini linakuta wanaolingana nalo wameshakuwa wengi kuliko lenyewe. Katika pambano lote hilo umefungua ramani mara moja.

Kuhusu kurusha chombo chenyewe, nitagusa machache. Angani chombo huendelea kwenda kilikokuwa kikienda mpaka injini ikizuie, na gemu zinazofuata sheria hiyo huwaadhibu wenye kasi. Ukiwa na mwendo wa mita 200 kwa sekunde na injini inayoweza kupunguza mita 20 kila sekunde, utahitaji kilomita moja nzima kusimama. Ukiongeza mwendo maradufu, utahitaji kilomita nne. Ndiyo maana unapitiliza shabaha yako na kumwonyesha mgongo. Gemu nyingine zinakusaidia: Elite Dangerous, ya mwaka 2014, ina msaada wa urukaji unaoweza kuzimwa, na huo ukizimwa unaweza kugeuza pua na kupiga nyuma huku chombo kikiendelea mbele. Msaada huo uuache umewashwa hadi mikono izoee. Star Wars: Squadrons ya mwaka 2020 inakutaka ugawe nguvu kati ya injini, leza na ngao, na chombo hupinda vizuri zaidi kikiwa kwenye nusu ya kasi. Wanaoanza husukuma wenzo wa kasi hadi mwisho na kuuacha huko.

Karibia kabla ya kupiga. Risasi yenye mwendo wa mita 1,000 kwa sekunde, ikirushwa kwa adui aliye mita 2,000 anayekatiza mbele yako kwa mita 150 kwa sekunde, inamfika baada ya sekunde mbili. Amesogea mita 300 na anaweza kuwa amebadili njia mara mbili. Akiwa mita 500, unahitaji kutangulia mita 75 tu. Oswald Boelcke, rubani Mjerumani wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, aliwaandikia marubani wake kanuni mwaka 1916, na kati ya hizo mbili zinakuhusu moja kwa moja: piga ukiwa karibu, na usimwondolee adui macho. Hiyo ya pili ndiyo inayoifanya miwani iishinde skrini. Una shingo. Adui akipita juu ya bega lako, mfuate kwa kichwa kwanza, kisha ndipo ugeuze chombo. Lakini shingo ina kikomo, hivyo kilaze chombo ubavu ili adui awe juu mbele yako badala ya chini au nyuma, na ukilaze taratibu, kwani kujibiringisha upesi ndiko kunakochafua tumbo kuliko mizunguko mingine yote.

Ushauri wangu wa mazoezi ni kuzitenganisha kazi mbili kwa muda. Homeworld: Vast Reaches, iliyotoka mwaka 2024 kwa miwani za Meta Quest, inakuweka katikati ya kikosi ukikiongoza kwa mikono, na itakufundisha ramani ya vipimo vitatu bila kukusumbua na urubani. Squadrons itakupa urubani bila kikosi cha kuongoza. Ukijisikia umetulia katika zote mbili, ingia House of the Dying Sun, ya mwaka 2016, ambayo ni ya kompyuta na inaunganisha kazi zote mbili katika mapambano mafupi. Ufupi huo unalifaa tumbo lako pia. Kama una rafiki mwenye miwani, Star Trek: Bridge Crew ya mwaka 2017 inagawa kazi za chombo kimoja kati ya watu wanne, na kukaa kiti cha nahodha ukitoa amri kwa binadamu wenzako kutakuonyesha upesi zipi kati ya amri zako hazieleweki.

Usukani, basi. Kama gemu yako inataka ushike ramani na meli kwa mikono, usinunue. Utakuwa unauacha na kuutafuta kwa kupapasa kila unapotaka kutoa amri, na hapo ndipo utakapopigwa. Kama ni gemu ya kukaa ambayo amri zote ziko kwenye vitufe, nunua, na uchague wenye vitufe vinavyotofautiana kwa kugusa, kwa sababu ukiwa umevaa miwani huoni mikono yako. Hakikisha kwanza gemu inautambua: nyingi kati ya zile zinazoendeshwa ndani ya miwani yenyewe bila kompyuta zimeundwa kwa pedi zake tu. Ufunge imara kwenye ubao au kwenye mikono ya kiti, na kiti kiwe kisichozunguka, ili mbele ya mwili wako na mbele ya chombo vibaki upande mmoja. Halafu kabla hujapanga kitufe cha kufyatua, panga cha kuchagua shabaha kwa kikosi chote, na ukiweke chini ya kidole gumba.